Geuka Pweto, Geuka Mwansabombwe

Kwa mzee huyu hakukuwa na kushoto wala kuume. Kulikuwa na Pweto na Mwansabombwe. Ukisimama na mgongo wako kwenye ukuta wa nyumba yetu hapa Kashikishi, ziwa Mweru liko mbele yako, na ng'ambo ya ziwa ni Congo. Mkono wa kuume unaelekea Pweto, wa kushoto unaelekea Mwansabombwe. Basi alikuambia, "Geuka Pweto kidogo," nawe uligeuka. Mgeni aliyetoka Lusaka alibaki ameduwaa, na mzee alimwonea huruma ya kweli, jinsi unavyomwonea huruma mtu asiyejua jina la mama yake.

Nitamwita Fundi, kama kila mtu anavyomwita. Alizaliwa wapi, ni wa ukoo gani, alivuka ziwa mwaka upi, waulize watu wa biro, ofisi ya vitambulisho na vibali, wao ndio wanaoandika mambo hayo. Mimi habari yake inaanzia siku alipopiga hodi kwetu akaomba ukuta.

Hakuomba chumba, hakuomba maji ya kunywa. Alikuwa amezunguka mtaa mzima mikono nyuma, akitazama kuta za watu kama anayetafuta mke. Wetu ndio uliomfaa, kwa sababu unatazama magharibi: asubuhi jua linabaki nyuma ya nyumba, na mbele panakuwa na kivuli chepesi, sawasawa, mpaka karibu saa tano. Baada ya hapo jua linapanda juu ya bati na kila mtu anakunja uso kama aliyemeza dawa. Mama yetu, ambaye wakati ule alikuwa hai, alimwuliza kama ukuta ukipigwa picha sana utaharibika. Fundi alifikiri kabisa, akasema ukuta hapana, ila chini pale watu wanaposimama patachimbika, na yeye ataleta mchanga. Akaleta. Kila mwaka mvua ikiisha alipaka chokaa upya, na kila mwaka alileta mchanga.

Mimi ni mtu wa nyumbani, ingawa wazazi wetu walivuka kutoka ng'ambo. Nilimaliza sekondari, nikapata cheti, nikakaa chini. Bado nimekaa. Nina cherehani barazani, hatua nne kutoka ule ukuta, na safari yangu ndefu kuliko zote ni ya Mwansabombwe, nilikwenda kuzika mtu nikarudi siku ile ile nikiwa nimechoka kama niliyezunguka dunia. Dada yangu mkubwa, ambaye anauza samaki na amevuka ziwa mara nyingi kuliko bata, ananiita kabati. Fundi hakuniita kabati. Aliniita Mwenye Ukuta, na sikujua hata siku moja kama ni heshima au ni kunicheka.

Sikuwa na haja ya kwenda popote, maana watu walikuja wenyewe. Walikuja wavuvi, walimu, akina mama wachuuzi waliotaka pasi ya kuvuka, na watu waliokimbia vita ng'ambo waliotaka cheti. Wote walisimama pale pale. Na wote walivaa koti langu.

Lilikuwa koti jeusi nililoshonewa nilipomaliza shule, nikiamini kwamba kazi ya ofisi inakuja. Kazi haikuja, koti likabaki msumarini. Siku moja Fundi aliniomba wembe. Nikampa. Akalipasua koti mgongoni, kutoka shingo mpaka chini, ili limwingie mtu yeyote, mnene au mwembamba, kisha likabanwa kwa nyuma na vibanio vya nguo. Aliomba wembe tu, koti hakuliomba. Nilipolalamika alisema, "Mbele iko muzima. Nani anatazama nyuma?" Tangu siku hiyo nusu ya watu wa mwambao huu wako kwenye makaratasi yao wamevaa koti langu. Koti limefika Lubumbashi, limefika Lusaka, limevuka bahari likiwa kwenye pasi ya watu. Mwenye koti yuko hapa anatia uzi kwenye sindano.

Alikuwa na mambo yake. Alihesabu "moja, mbili," na kwenye mbili alikuwa amekwisha kupiga. Tatu haikufika kamwe, kwa sababu alisema mtu akingoja tatu anajitayarisha, na mtu aliyejitayarisha anafanana na mtu mwingine. Aliwafuta watu jasho la uso kwa kitambaa kimoja, padri na mvuvi. Kanisani aliimba sauti ya tatu ambayo haikuwa kwenye wimbo, na hakuna aliyethubutu kumwambia, maana kila mtu alimhitaji siku moja kwa ajili ya ubatizo au maziko. Yeye mwenyewe hakukubali kupigwa picha. Nilimwomba mara nyingi. Alinitazama mikono, akauliza nani atashika kamera, mimi? Mimi ambaye nashona mfuko wa suruali ndani nje?

Kamera yake ilikuwa na kasoro: ilikataa kukaribia. Kwa hiyo alimpiga mtu mzima, kutoka kichwa mpaka vidole vya miguu, halafu nyumbani, kwenye kompyuta yake ya betri ya jua, akakata mabega na kichwa na kuacha mengine. Nilidhani ni kasoro tu. Baadaye alinieleza kwamba hata angepata kamera mpya angefanya vile vile. Kulikuwa na babu mmoja aliyenunua viatu vipya kwa ajili ya picha ya kitambulisho. Alipopewa karatasi akatafuta viatu vyake, akageuza, akatazama nyuma, havipo. Hakugombana. Alitembea tu mpaka nyumbani navyo mkononi. Kuanzia hapo Fundi alimpa mtu picha yenye miguu yake, biro wakate wanachotaka.

Lakini kitu ambacho kila mtu alikijua kwake ni swali la mlango.

Picha ya makaratasi inataka uso mtupu. Usicheke, usilie, usikasirike, masikio yote mawili yaonekane. Mtu wa kawaida hawezi. Ukimwambia asicheke, anacheka. Fundi alipata dawa yake. Mtu akisha kusimama sawa, aliinua kamera, akauliza polepole, kama jambo lililomjia sasa hivi: "Mlango ulifunga?" Hapo hapo uso unafutika. Mtu anarudi nyumbani kwake kwa mawazo, anatafuta mkono wake kwenye kitasa, na kabla hajafika Fundi amekwisha kusema mbili. Ukipata siku moja kuona vitambulisho vya watu wa huku, watazame vizuri. Wote wanafikiria mlango.

Halafu akaja mama mmoja katika wale waliovuka wakati wa vita. Alikuwa na watoto wawili na mfuko mmoja. Fundi alimwuliza swali lile lile, kwa mazoea. Yule mama hakufutika uso. Aliingiza mkono kwenye nguo kifuani, akatoa ufunguo.

"Nilifunga, Papa," akasema. "Huu hapa."

Akaushika mbele ya kamera ili Fundi auone vizuri. Mbele yake lilikuwa ziwa, na ng'ambo ya ziwa ulikuwa huo mlango. Fundi alishusha kamera. Alimwambia akae kwanza, akanituma nimletee maji. Siku ile alipiga watu wote waliobaki bila kuuliza lolote, na waliotoka wakicheka walirudishwa na biro, wakaja tena, akawapiga bila malipo. Kwa watu waliotoka ng'ambo hakuuliza tena habari ya mlango. Aliwauliza leo watakula bukari, ugali wa kwao, na nini. Swali hilo lilisaidia kidogo tu.

Sasa, mtu huyo huyo aliyekuwa mkali hivyo kwa picha ya makaratasi, kwa picha ya furaha alikuwa mwongo bila haya. Alikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria, jingine lina ghorofa na maua. Aliosha nyuso kwenye kompyuta mpaka shangazi mweusi kama mkaa akatoka na rangi ya chai ya maziwa. Kovu liliondoka, meno yalipangwa. Nilimwuliza inakuwaje. Alisema mtu akitaka karatasi anataka aaminiwe, na mtu akitaka furaha anataka furaha, kwa nini amletee kovu lake? Ila alikuwa na sharti moja. Hata ukija kwa picha ya harusi, kwanza anakupiga ya makaratasi: mbele, Pweto, Mwansabombwe. "Kwanza ya karatasi," alisema, kwa sababu hakuna ajuaye lini biro itamwita. Watu walimwona anapoteza wakati. Mimi nilimwona anapoteza betri.

Ndipo tunafika kwa Feza.

Feza ni mtoto wa yule dada yangu muuza samaki. Ana miaka kumi na tisa na urefu wa kutundikia nyavu. Shuleni walimwita nguzo ya umeme. Aliona kwenye simu kwamba nyumba moja ya mitindo huko Lusaka inatafuta wasichana wapya wa kuonyesha nguo, na mtu anatakiwa kutuma picha zake kwanza. Alimwambia mama yake. Dada yangu aliosha kwanza sahani tatu.

Ilikuwa miezi ya mvua, ile ambayo serikali inafunga uvuvi ili samaki wazae. Dada yangu alikuwa nyumbani hana kazi, jambo linalomfanya awe hatari. Akatoa hukumu yake.

"Mara moja," akasema. "Unatuma mara moja. Bakikubali, tutaongea. Bakikatala, maji ikifunguliwa tunapanda mutumbwi pamoja, tunaenda kununua samaki Chisenga, na hii maneno ya picha inaisha. Tumesikilizana?"

Feza alisema ndiyo, mama. Akaja kwangu akaketi juu ya vitambaa vyangu. Kisiwa cha Chisenga alikijua. Alikuwa amekaa huko misimu miwili katika kambi za wavuvi, analala juu ya magunia ya samaki wakavu. Hakulia. Alisema tu, "Mujomba, unisaidie nisikosee."

Alikosea kuniomba mimi. Mtu ambaye hajawahi kwenda popote ana mawazo mengi sana juu ya huko. Niliamua mara moja kwamba Lusaka wanataka Lusaka. Nikaazima wigi kwa jirani, nikashona gauni jekundu kwa usiku mbili, nikapata viatu virefu kwa mke wa mwalimu. Nilikuwa na bidii ambayo cherehani yangu haijaiona tena.

Siku ya picha mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na ukuta ulikuwa na alama ya maji iliyoshuka kutoka kwenye bati, umbo lake kama mkia wa samaki. Feza alifika amevaa fulana na sketi ya kila siku, nywele amezifunga nyuma, gauni amelibeba kwenye mfuko na viatu mkononi kwa sababu vilizama kwenye mchanga. Fundi akamsimamisha hivyo hivyo.

"Kwanza ya karatasi."

Nilimwambia Fundi tafadhali, leo hapana, betri. Hakunigeukia.

"Mutoto, simama. Tazama Congo. Geuka Pweto. Kidogo, nimesema, hatuendi kulala kule. Bon. Mwansabombwe." Halafu kamera juu. "Feza, nyumbani, mlango ulifunga?"

Feza ni mtoto wa hapa, amezaliwa hapa, aliweza kuulizwa. Uso wake ulitulia, macho yakaenda mbali. Moja, mbili.

Baada ya hapo ikawa zamu yangu. Pazia la ndege likatundikwa. Wigi, gauni, rangi ya midomo, mkono kiunoni, mguu mbele. Nilielekeza mambo kama mtu aliyekula mshahara wa kazi hiyo. Fundi alitii kila nilichosema, na nyumbani akamwosha Feza uso mpaka akang'aa. Alipotuletea nilipiga makofi. Nikachagua tano mwenyewe. Dada yangu alizitazama kwenye simu, akauliza, "Huyu ni nani?" Nikadhani ni sifa. Tukatuma.

Jibu lilikuja kwenye simu siku ya nne, ujumbe wa sauti ya mwanamke, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kibemba. Feza aliisikiliza barazani kwangu, mara ya kwanza peke yake na mara ya pili kwa sauti ili nisikie. Yule mama hakuwa mkali. Alisema picha ni nzuri lakini hamwoni msichana, anaona ndege. Alisema walikuwa wameandika wazi: uso mtupu, bila rangi, nywele nyuma, nguo za kawaida, ukuta mweupe, mbele na pande zote mbili, na mwili mzima mpaka miguuni. Kama anaweza kutuma hizo kabla ya Ijumaa, atazitazama. Kama hawezi, basi, mwakani.

Ilikuwa imeandikwa. Feza alinionyesha. Nilikuwa nimesoma lile tangazo lao lote, mimi mwenye cheti cha sekondari, na nikaamua kwamba wanasema hivyo kwa adabu tu.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni. "Mara moja ilikuwa hiyo," akasema. Hakusema kwa furaha. Siku za uvuvi kufunguliwa zilikuwa zimebaki chache, na alikuwa ameanza kushona magunia. Feza aliinuka, akakunja gauni jekundu vizuri sana, pindo juu ya pindo, akaliweka juu ya cherehani yangu. Akaenda kumsaidia mama yake na magunia. Sikuwahi kuona gauni lililokunjwa vile.

Nilikwenda kwa Fundi mwenyewe, kwa miguu, mwendo wa dakika ishirini. Kwangu hiyo ni safari. Nilitaka kumwomba ampige Feza tena kwa siri. Alinisikiliza mpaka mwisho akila viazi vitamu. Akasema kwa siri hapana, yeye si mtu wa kupiga picha kwa siri. Akafungua kompyuta, akachukua muda wake kutafuta, akachapa picha nne, akavaa shati lake jeupe la Jumapili, na tukarudi pamoja.

Dada yangu alikuwa chini na gunia mapajani. Fundi alimwamkia, akauliza habari za nyumbani, akaulizwa za kwake. Akakubali kiti. Ndipo akaanza.

"Mama Feza, ulisema mara moja?"

"Nilisema, Papa Fundi. Na miye sirudilie."

"Uko sawa. Mutu asirudilie." Akaweka picha nne chini, moja moja, juu ya gunia. "Hii haiko mara ya pili. Hii ni ya asubuhi ile ile, mbele ya ile ya ndege. Tazama ku ukuta, mvua iko inashuka. Hii alama ilikauka siku ile ile saa nne, muulize Mwenye Ukuta, kazi yake ni kuitazama. Mulituma nusu. Nusu ingine ni hii."

Dada yangu alifuta mikono, akainua picha ya mwili mzima. Feza mbele ya ukuta mweupe, fulana ya kila siku, masikio yote mawili, miguu peku juu ya mchanga wa Fundi. Uso wake haukuomba kitu. Alikuwa anafikiria mlango.

"Ana miguu ya mama yetu," akasema dada yangu. Aliniambia mimi, si Fundi. Kisha akampa Feza picha, akachukua sindano yake. "Tuma hiyo nusu. Na kama banaikatala, sitaki kusikia kuko robo."

Hawakuikataa. Hawakumpa ahadi pia. Walisema aje afundishwe wiki tatu, watazame anavyotembea, na kwa kuwa ni mgeni wa mji aje na mtu mzima wa ukoo. Uvuvi ulikuwa umefunguliwa siku hiyo hiyo. Dada yangu hakuweza kuacha samaki. Akanitazama mimi. Nilitazama cherehani. Alisema, "Kabati, utatembea."

Kwa sisi watu wa ng'ambo, hata tuliokulia hapa, kwenda mbali kunataka karatasi ya ruhusa, na karatasi inataka picha. Kwa hiyo wiki iliyopita, baada ya miaka yote hii, nilisimama mimi kwenye ukuta wangu. Sikuwahi. Sikuwa na sababu.

Fundi amezeeka. Mkono wake wa Pweto unatetemeka, na sasa anaegemeza kamera juu ya cherehani yangu, kati ya mkasi na kopo la vifungo. Alileta koti kutoka msumarini. Nilidhani litanitosha bila kubanwa, ni langu. Halikunitosha. Kwa nyuma lilifunguka kiganja kizima, na Fundi alitafuta vibanio viwili vikubwa akavibana bila kunicheka, jambo ambalo kwake ni upole.

"Tazama Congo," akasema.

Nikatazama. Nilikuwa nimeona migongo ya kamera na nyuso za watu miaka yote hiyo, lakini sikuwa nimesimama pale nikaona wanachokiona. Ni maji tu, na mstari mwembamba. Nikageuka Pweto, nikageuka Mwansabombwe. Nilijua kinachokuja, nimekisikia mara elfu, na nilikuwa nimejiapia sitaingia mtegoni.

"Mwenye Ukuta," akauliza polepole, "mlango utafunga?"

Mlango wangu ulikuwa hatua nne, wazi, naona ndoo na kitanda changu ndani. Hata hivyo niligeuza kichwa. Nilianza kufikiria nani atakuwa na ufunguo, mvua ikija nani ataingiza cherehani, chokaa kikitoka nani ataona. Koti likavuta mgongoni.

"Tazama Congo," Fundi akasema tena, jicho kwenye kamera. "Mlango nitafunga miye. Moja, mbili."